Kivu: Kabla ya kuwasha moto ndani ya shamba lililolala

Mwezi wa pili mwaka 2025, baada ya mji wa Goma kuingia mikononi mwa M23, kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa kandokando ya mji, kama vile Bulengo na Lushagala, zilibaki tupu ndani ya siku chache. Watu kwa maelfu na maelfu walichukua njia ya kurudi Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Kalehe. Wengine walikuta nyumba imeanguka. Wengine walikuta mtu mwingine anakaa ndani. Lakini wengi walikuta jambo moja: shamba limekuwa pori. Mwaka moja, miwili, hata mitatu bila jembe, majani yamepanda mpaka kifuani.

Tangu pale, kila saizo inapokaribia, swali linarudi kwa kila familia inayoshika jembe upya, iwe Kivu ya Kaskazini ao Kivu ya Kusini: shamba lile litatoa nini? Kuna wanaosema udongo umepumzika, basi utazaa. Kuna wengine, zaidi upande wa Kabare na Walungu, wanaosema kwa uchungu kwamba udongo umechoka, hauzai tena. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayamalizi neno. Udongo hauchoki sawa vile mtu anachoka kisha analala na kuamka na nguvu. Udongo unatolewa vitu na haurudishiwi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na shamba ni mali ya namna ile: kuna vinavyoingia, kuna vinavyotoka, hata kama hakuna anayeandika.

Kusoma daftari ile kuna faida leo kuliko zamani. Mbolea ya kizungu imekuwa ghali, banki za Goma zilifungwa, barabara hazina uhakika, na wengi waliorudi hawana ngombe hata moja. Kitu kilichobaki ni kile kilicho tayari ndani ya shamba lenyewe. Na kile kinaweza kupotea ndani ya siku moja.

Kitu gani kinazunguka

Sehemu kubwa ya mwili wa mmea inatoka kwenye hewa na mayi. Lakini mmea hauwezi kujijenga bila madini machache kutoka udongo, karibu 14 kwa hesabu ya wataalam. Matatu ndiyo yanayohitajika kwa wingi, na ndiyo yale yanaandikwa kwenye mfuko wa mbolea kwa herufi N, P na K: azoti, fosfori na potasi. Azoti inafanya majani yawe kijani na yakue. Fosfori inasaidia mizizi na mbegu. Potasi inahitajika sana na ndizi, mihogo na viazi.

Ndani ya pori la Kahuzi-Biega hakuna mtu anayepeleka mfuko wa mbolea, na miti iko pale tangu zamani. Siri ni kwamba kitu hakitoki. Jani linaanguka. Minyoo na mchwa wanalikatakata. Kisha uyoga na bakteria, mikrobi wasioonekana kwa macho, wanalila. Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri kinaweza kuwa na bakteria mpaka bilioni moja. Mikrobi hawa hawafanyi kazi juu ya mkulima. Wanakula kwa faida yao wenyewe. Lakini wanapokufa, ao wanapoliwa na vidudu vingine, azoti na fosfori iliyokuwa ndani ya miili yao inabaki ndani ya mayi ya udongo, na mizizi inaichukua. Jani la mwaka huu linakuwa mti wa kesho.

Wakaaji wa Goma wanaweza kuona mwanzo wa safari hii kwa macho yao. Juu ya mawe ya volkano ya zamani, kabla ya mti wowote kuota, kunatokea kwanza kitu cha rangi ya kijivu, kama ukungu mgumu uliogandamana na jiwe. Ni viumbe vilivyoungana kuishi pamoja, uyoga na vijimea vidogo, na ndani yake kuna bakteria wanaoweza kuvuta azoti kutoka hewani. Jiwe linatoa madini, hewa inatoa azoti, na taabu ya miaka mingi inaleta udongo mwembamba wa kwanza. Ndiyo maana udongo wa pembeni ya Nyiragongo na Nyamulagira, kule ambako moto ulipita zamani za kale, ni mweusi na una nguvu. Lakini udongo wa Bushi, upande wa Walungu, sehemu kubwa ni wa kizee zaidi. Mvua imeuosha kwa maelfu ya miaka. Wakulima wa kule wanajua tofauti bila mashine: wanaita kalongo ule udongo mwekundu usiozaa vizuri, na civu ule mweusi wenye mali.

Milango ya kutokea

Shamba ni sawa na pori, ila kwa jambo moja: mavuno yanaondoka. Mlango wa kwanza, basi, ni soko. Mahindi makavu kilo 100 yanabeba karibu kilo moja na nusu ya azoti. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23 za azoti. Kwa hiyo mtu akiuza mifuko 15 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, ameuza pamoja nayo azoti inayokaribia mfuko mzima wa urea, na hakuna mnunuzi aliyemlipa juu ya ile. Mihogo na ndizi zinaondoka na potasi nyingi. Mali hii inapanda gari, inafika Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, inaliwa, na kisha inaishia ndani ya choo, ndani ya takataka za soko ao ndani ya mfereji. Hairudi Walungu wala Masisi. Miji inashiba na vilima vinakonda.

Mlango wa pili ni mayi ya mvua. Chakula cha mimea kiko zaidi ndani ya udongo wa juu, ule mweusi wa kina cha jembe. Kwenye vilima vyetu, ambako watu wamelima mpaka juu kabisa, mvua kubwa moja inaweza kuondoa kile mikrobi walichojenga kwa miaka. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, mvua iliposhuka juu ya vilima vya Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na matope na mawe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Msiba ule ulionekana na dunia nzima. Ule mdogo wa kila siku hauonekani: mto unaokuwa mwekundu kila mara mvua inaponyesha. Rangi ile ni shamba la mtu linashuka.

Na linashuka wapi? Kwa wengi, ndani ya Ziwa Kivu. Pale hesabu inakuwa ngumu zaidi, sababu ziwa hili ni la pekee. Lina kina cha mita karibu 485, na mayi yake ya chini hayachanganyiki na ya juu sawa vile ndani ya maziwa mengine. Kinachozama kinabaki chini kwa muda mrefu sana. Kule chini hakuna oksijeni, na mikrobi wa namna nyingine wanafanya kazi yao: wao ndio wanaotengeneza gazi ya metani inayozungumzwa sana, ile Rwanda inaitumia kutengeneza umeme. Kwa mkulima wa Kalehe maana yake ni fupi: udongo ukifika ziwani, hakuna njia ya kuurudisha.

Mlango wa tatu ni moto. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Majani makavu yakichomwa, potasi, kalsi na sehemu kubwa ya fosfori vinabaki ndani ya majivu. Lakini azoti karibu yote inaondoka na moshi. Majivu yenyewe ni mepesi, na mvua ya kwanza ikikuta kilima kiko wazi, yanashuka pia. Makala nayo ni tawi la mlango huu: mti unaokatwa juu ya kilima, ukachomwa makala na kuuzwa mjini, ulikuwa akiba ya madini ya kilima kile.

Mlango wa kurudi uliofungwa

Wazee wa Bushi na wa Masisi hawakuwa na mbolea ya kizungu, na bado walilisha watu. Walikuwa na ngombe. Mchana ngombe walikula majani ya mbali, kwenye malisho na kandokando ya njia. Usiku walilala karibu na nyumba. Asubuhi mavi yalipelekwa kwenye migomba na maharagi. Kwa maneno mengine, ngombe alikuwa mbebaji: aliokota chakula cha mimea kule ambako hakuna aliyelima, akakileta shambani.

Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, pamoja na yote yaliyofuata, vilipiga mbebaji huyu. Ngombe waliibiwa, waliuawa, walipelekwa mbali. Nyumba nyingi hazikupata tena ngombe mpaka leo. Watu wanahesabu hasara ile kwa maziwa, kwa mahari na kwa heshima, na ni haki yao. Lakini kuna hasara nyingine iliyoingia polepole, bila kelele: mashamba yalibaki bila mavi mwaka baada ya mwaka, na mavuno yakashuka.

Pale watu walipoanza kufuga simbilisi, wengine wanawaita dende, hawakuwa wanacheza. Simbilisi anakula majani yoyote, anazaa haraka, na ni rahisi kumficha ao kumbeba wakati wa kukimbia. Mavi yake ni kidogo, lakini ni ya kila siku. Pamoja na sungura na mbuzi wa kufungwa, ni mlango mdogo wa kurudi ambao vita havikuweza kuufunga kabisa.

Shida ni kwamba hata kile kidogo kinapotea njiani. Zaidi ya nusu ya azoti anayoitoa mnyama mara nyingi iko ndani ya mkojo, si ndani ya mavi, na mkojo unazama pale pale chini ya banda. Mavi yakikaa wazi kwenye jua na mvua, azoti inaondoka. Ile harufu inayochoma pua karibu na banda si uchafu tu: ni azoti inayotoka kwenda hewani. Majani makavu chini ya mnyama yanakamata mkojo, na majani ya ndizi juu ya lundo yanazuia jua na mvua. Haiombi feza. Inaomba mikono.

Mfuko wa mbolea peke yake

Kwa nini basi wasinunue mbolea? Swali hili linaulizwa na wafazili na hata na viongozi. Jibu la kwanza ni bei. Kongo inategemea sana mbolea ya kutoka inchi za nje. Urea inatengenezwa kwa kutumia gazi, na tangu vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ilipanda dunia nzima. Pale unaongeza usafiri, barabara, vizuizi na ushuru wa njiani, mfuko unafika kijijini ukiwa na bei ambayo mavuno ya mkulima mdogo hayawezi kuilipa.

Jibu la pili linasahaulika mara nyingi. Kuna mashamba ambayo ukiyawekea mbolea, hayajibu. Watafiti wa INERA pale Mulungu na wa IITA pale Kalambo wamefanya kazi miaka mingi ndani ya Kabare na Walungu, na jambo moja linatoka wazi: kwenye udongo ambao hauna tena mabaki ya majani na mavi, na ambao umekuwa na asidi nyingi, mbolea peke yake inaleta ongezeko dogo tu. Feza imelipwa, mahindi yako pale pale.

Sababu iko ndani ya udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa kizee una chuma na aluminiumu nyingi, na vitu hivi vinakamata fosfori na kuifunga. Hata udongo wa volkano, pamoja na uzuri wake, una tabia ya kufunga fosfori. Mkulima anaweka kilo kumi, mmea unapata sehemu ndogo tu. Azoti nayo haifungwi hivo. Yenyewe inakimbia na mayi kama hakuna kitu cha kuishika. Kinachoshika ni yale mabaki meusi yaliyooza, pamoja na mikrobi wanaoishi ndani yake. Bila wao, udongo ni sawa na kitunga: unamimina mayi, yanapita.

Tena, kutumia urea peke yake kwa miaka mingi kunazidisha asidi. Kwa hiyo agronomu anayesema “weka mbolea” bila kuuliza shamba ni la namna gani, anaweza kumpoteza mtu. Haina maana kwamba mbolea ni mbaya. Maana yake ni kwamba mbolea kidogo, iliyowekwa kwenye shimo la mbegu pamoja na mavi ao kompositi, inafanya kazi kuliko mbolea nyingi iliyotupwa juu ya udongo uchi. Mwenye mfuko moja asiumalize kwenye kalongo ya mbali. Auanzie kwenye shamba lililokwisha kupewa majani na mavi.

Maharagi yanaleta, lakini si bure

Hewa tunayovuta ina azoti asilimia 78, na mmea hauwezi kuitumia vile iko. Kuna bakteria wanaoweza. Wanaingia ndani ya mizizi ya maharagi, soya, karanga na njegere, wanajenga vijivimbe vidogo, na pale wanageuza azoti ya hewa kuwa chakula. Mmea unawalipa sukari. Ni mapatano ya zamani kuliko mwanadamu.

Lakini mapatano haya yana masharti. Udongo ukikosa fosfori, vijivimbe vinakuwa vichache na dhaifu. Asidi ikizidi, bakteria wanateseka. Soya, sababu ni mgeni kwetu, mara nyingi inahitaji kupewa bakteria wake siku ya kupanda. Na maharagi mafupi hayavuti azoti nyingi. Yale ya kupanda juu ya miti, ambayo yanakaa shambani muda mrefu na kuwa na majani mengi, yanavuta zaidi.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mapatano yanafanya kazi, na haiombi labo. Wakati maharagi yanatoa maua, chimba shina moja polepole, bila kulivuta. Tafuta vijivimbe kwenye mizizi, kata kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu ao cha rangi ya waridi, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe ao kijani, ao kama hakuna kabisa, shamba hili halipati chochote kutoka hewani, na kupanda maharagi pale kila saizo hakutalirudishia nguvu.

Halafu kuna swali la mabaki. Kwa desturi, maharagi yanang'olewa na mizizi yote, yanapelekwa nyumbani, yanapigwa pale uani. Maganda na majani yanabaki nyumbani, yanaishia kwenye migomba. Ndiyo maana migomba ya karibu na nyumba inapendeza na shamba la mbali linazidi kuwa jekundu. Kukata shina kwa kisu na kuacha mizizi chini, kisha kurudisha maganda kule yalikotoka, ni kufunga mlango moja wa hasara. Mzigo si mzito kama wa mavi.

Si kila mabaki yanafaa kwa namna moja. Vikonyo vya mahindi vikizikwa vibichi kabla tu ya kupanda, mimea inaweza kuwa ya njano. Watu wanasema majani yameharibu udongo. Kumbe ni mikrobi: vikonyo vina chakula kingi cha kuwapa nguvu lakini azoti kidogo, kwa hiyo mikrobi wanaichukua ile ya udongo, na mahindi yanakosa kwa wiki kadhaa. Vikonyo vinafaa vitandazwe juu ya udongo, ao vioze kwanza kwenye kompositi. Majani ya tithonia ni kinyume chake. Mmea huu wa maua ya njano, unaoota kwenye mipaka na kandokando ya barabara, ulipimwa upande wa magharibi ya Kenya: majani yake makavu yalikuwa na azoti karibu asilimia 3,5 na potasi karibu asilimia 4. Yanaoza haraka na kutoa chakula ndani ya wiki chache. Ubaya wake ni kazi: majani mabichi ni mayi kwa sehemu kubwa, na wa mama ndio wanaobeba.

Shamba lililolala lina nini

Sasa turudi kwa wale waliorudi. Shamba lililokaa miaka miwili bila kulimwa halikubaki vile lilivyokuwa. Mizizi ya majani marefu ilishika udongo, mvua haikuondoa mengi. Majani yalivuta potasi na madini mengine kutoka chini, yakayaweka juu. Mikrobi na minyoo hawakusumbuliwa na jembe, wakazidi. Kwa upande huo, ni kweli kwamba udongo umepumzika.

Lakini mapumziko hayaleti fosfori. Fosfori haiko hewani. Inatoka kwenye jiwe, na kile kilichouzwa sokoni kwa miaka 20 hakirudi kwa miaka miwili ya pori. Na ile azoti iliyokusanywa iko wapi? Sehemu kubwa iko ndani ya yale majani yanayosimama mpaka kifuani. Mali ya mapumziko haiko chini tu. Iko juu, na inaogopa kiberiti.

Tusiwalaumu wanaochoma. Mtu aliyerudi na watoto wenye njaa, bila panga nzuri, na mvua inakaribia, anaona moto kama msaidizi: unasafisha hekta ndani ya saa chache, unafukuza nyoka, na majivu yanapunguza asidi na kuupa mmea potasi. Saizo ya kwanza inatoka vizuri, na jirani naye anachoma. Deni linaonekana saizo ya pili na ya tatu, wakati azoti imeisha, kilima kiko uchi na mvua inabeba.

Kuna njia ya katikati. Kufyeka na kulaza majani kwa mistari inayokata kilima, si inayoshuka nayo, ili mayi yavunjike nguvu. Kupanda kati ya mistari. Kuchoma vichaka vyenye miiba peke yake, kwenye pahali padogo, na kutandaza majivu yake kabla ya mvua. Kuweka majivu ya jikoni kwenye shimo la kompositi, si njiani. Aliye na eneo kubwa, aanze na robo yake. Na neno la usalama: shamba lililokaa ndani ya eneo la mapigano linaweza kuwa na mabomu yasiyolipuka. Pale inapoonekana chuma kisichojulikana, hakuna kuchoma, hakuna kugusa. Ni kuweka alama na kuita wahusika.

Nani atakula matunda ya kazi ile

Mashauri haya yote yana kizuizi kimoja ambacho si cha mikrobi. Mavi yanayowekwa leo yanalisha shamba kwa saizo kadhaa. Mistari ya majani na miti ya kushika udongo inaomba miaka mitatu, minne. Anayelima shamba la kukodi kwa saizo moja, kwa nini aiweke ile kazi? Ndani ya Bushi desturi inatofautisha vizuri: kalinzi, ambayo zamani ililipwa kwa ngombe na inampa familia haki ya kudumu, na bwasa, ambayo ni ya muda mfupi na haimruhusu mtu kupanda migomba wala miti. Mwenye bwasa akitengeneza udongo vizuri, mwenye shamba anaweza kulitamani na kulichukua. Kwa hiyo analima, anavuna, anatoka. Udongo ndio unaolipa.

Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na haki za watu wa vijiji zingepangwa kwa amri ya Rais. Amri ile haikutoka kwa miaka mingi. Vita vimeongeza kamba juu ya kamba: mtu anarudi, anakuta mwingine analima kwa ruhusa ya chifu mwingine, na kila mmoja anaogopa kufukuzwa. Ndani ya hofu ya namna hii, kila mtu anafungua milango ya kutokea, na hakuna anayefungua ule wa kurudi. Ugomvi wa mashamba unaongelewa kama neno la mipaka na kabila. Ni neno la rutuba pia.

Mashirika yanayowapokea waliorudi yana mazoea ya kugawa mbegu na majembe. Ni msaada mzuri, lakini mbegu na jembe ni vyombo vya kutoa, si vya kurudisha. Mbuzi moja kwa nyumba, ao simbilisi wachache, inarudisha. Karatasi iliyoandikwa mbele ya chifu na mashahidi, inayosema mkodi atalima saizo sita na si moja, inarudisha pia, na haigharimu kitu kikubwa. Machifu wa vijiji na kamati za amani, ambao wanasikiliza kila wiki maneno ya mashamba, wanaweza kuanza na hiyo bila kungoja Kinshasa wala mtu mwingine.

Upande wa miji, Goma na Bukavu zinatupa kila siku maganda ya ndizi, majani ya sombe na mabaki ya soko ambayo ni udongo wa Masisi na Walungu kwa sura nyingine. Kuyaozesha na kuyarudisha kwenye bustani za mboga za karibu kunawezekana. Kinyesi cha watu kinaomba uangalifu zaidi: kikiwa kibichi hakiwekwi kwenye mboga, juu ya kipindupindu ambacho mkoa huu unakijua vizuri.

Kwa familia iliyosimama leo mbele ya shamba lililolala, kabla ya kuamua, kuna maswali matatu ya kuuliza. Nitakaa hapa saizo ngapi? Majani haya nitayalaza wapi ili mvua isiyabebe? Na kile nitakachopeleka sokoni, nitarudisha nini mahali pake? La kwanza linamhusu chifu na mwenye shamba. Mawili yale mengine yanaanza na panga, kabla kiberiti hakijatoka mfukoni.